Mwezi Ambao Bi Itakuwaje Hakuuliza

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwa watu wote wa chumba cha kufulia cha hospitali ile, kuanzia wapiga pasi hadi wakunja mashuka, alikuwa Bi Itakuwaje, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini. Msimamizi wa wakati ule alikuwa akiwaeleza wageni jinsi mashine kubwa inavyofungwa mlango, inavyojaa maji na inavyozunguka. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye swali. Wenzake wakatikisa vichwa. Yeye akataka kujua: umeme ukikatika mlango umefungwa na maji yamejaa, itakuwaje? Msimamizi akajibu. Na ukirudi ghafla wakati mtu ametia mkono ndani, itakuwaje? Hapo watu wakaanza kucheka, na swali la tatu likamezwa na vicheko.

Hakukasirika. Alikuwa amezoea tangu utotoni. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu huanika nguo huku ameshika mwavuli. Ndugu zake walipofunga mizigo ya safari kwa furaha, yeye alizunguka nyumba nzima akiuliza ufunguo wa akiba umebaki na nani. Si kwamba alikuwa mtu wa kulia au kutetemeka. Ila kitu chochote kikiwekwa mbele yake, jicho lake lilikwenda moja kwa moja pale kitakapovunjikia, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu. Wengine wakiona ngazi, yeye aliona kipandio kilicholegea.

Mumewe, seremala wa milango na madirisha, alimwoa akilijua hilo. Alikuwa mtu wa maneno machache na utani wa polepole, na kila mara mkewe alipomuuliza kama amefunga gesi, alikuwa akijibu kwamba amefunga, halafu anainuka kwenda kuhakikisha.

Miaka kumi na miwili ilipita. Kazi aliijua kama kiganja cha mkono wake. Alijua shuka la wodi ya upasuaji kwa kulipapasa tu, na alijua mashine ipi imeanza kulalamika kabla mafundi hawajasikia lolote. Lakini cheo kilimpita mara mbili. Mara ya pili aliitwa kwenye usaili, akaketi mbele ya watu watatu nyuma ya meza ndefu, wakamuuliza: akipewa usimamizi, ataipeleka wapi idara hii? Akafikiri kidogo, kisha akasema ataanza na bomba linalovuja karibu na swichi, halafu waya ulioachwa wazi nyuma ya mashine ya kukaushia, halafu mlango wa dharura ambao watu wameuziba kwa makapu ya sabuni. Alipofika jambo la sita, mmoja wa wale watatu alikuwa ameinua faili mpaka puani ili kuficha tabasamu.

Usimamizi akapewa kijana ambaye Bi Itakuwaje mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na ambaye watu walimwita Kipaza kwa sababu sauti yake ilisikika hata mashine zote zikiwa zinanguruma. Kipaza hakuwa mtu mbaya. Siku alipotangazwa alimfuata Bi Itakuwaje nyuma ya kamba za kuanikia, akamwambia kwa sauti ambayo kwake yeye ilikuwa ya chini, "Dada, kazi hii nimeipata mkononi mwako. Usininunie." Naye hakumnunia. Lakini iliuma, naye akaendelea kukunja mashuka.

Aliyemwita kumfariji alikuwa afisa utumishi, mtu mwenye adabu, aliyemsukumia kiti kabla hajakaa. Akamweleza kwamba kazi yake haina doa, ila kiongozi anatakiwa kuwapa watu matumaini, na yeye anawapa watu hofu. Kuna semina ya siku mbili ya kujenga ujasiri, akasema, na jina lake ameliweka.

Akaenda. Mkufunzi alikuwa mwanamume aliyevaa suti ya kumbana, mwenye kutembea huku na huko kama aliyepoteza kitu. Siku ya pili aliwagawia vipande vya karatasi, akawaambia kila mtu aandike udhaifu mmoja unaomrudisha nyuma, kisha aichane karatasi na kuitupa kwenye pipa lililokuwa mbele ya ukumbi. Bi Itakuwaje aliandika "WOGA" kwa herufi nzuri, akachana mara nne, akatupa. Akiwa anarudi kwenye kiti alijikuta anawaza kama wana nia ya kuzichoma zile karatasi, na kama wameona pazia lilivyo karibu na pipa. Akajikamata. Akajiapia moyoni kwamba huo ndio mwisho.

Basi akaanza mwezi wa kunyamaza. Alijikaza kisabuni. Alipoona ndoo imewekwa njiani, aliipita. Alipoona mtu anachomoa waya kwa kuuvuta, aligeuza uso. Maswali yalimjaa kifuani kama mvuke kwenye sufuria iliyofunikwa, lakini hakutoa hata moja. Na watu wakampenda zaidi. Kipaza alimsifu mbele ya wenzake kwamba siku hizi dada yao amekuwa mwepesi. Afisa utumishi alipokutana naye kwenye ukumbi alimwinulia kidole gumba.

Mumewe tu ndiye aliyekosa raha. Jioni moja wakiwa mezani alisema, "Mke wangu, kuna nini? Wiki mbili hizi hujaniuliza kama nimefunga gesi."

Akamjibu kwamba anajifunza kuishi kama watu wengine. Mume akasema sawa. Kisha akaweka kijiko chini, akaenda jikoni kuangalia gesi.

Kutoka chumba cha kufulia kwenda wodini kulikuwa na njia ya mteremko ya saruji, ndefu, yenye ukuta kila upande. Pale juu, mbele ya mlango, kulikuwa na kabari ya mbao, kipande kisicho na thamani yoyote, ambacho mfanyakazi alikisukuma kwa mguu chini ya gurudumu la toroli ili lisiserereke wakati anafungua mlango kwa mikono miwili. Mwishoni mwa wiki wapaka rangi walikuwa wamepita. Walipoondoka, waliondoka na makopo yao, na magazeti yao ya kutandika chini, na kabari.

Bi Itakuwaje aliliona hilo Jumatatu asubuhi. Alisimama pale juu, akatazama sakafu, akatazama mteremko. Swali likamjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akalirudisha.

Alhamisi, toroli lililojaa mashuka lilimtoka mkononi mfanyakazi mmoja aliyekuwa anahangaika na kitasa. Chini ya mteremko alikuwa anapanda mpiga pasi mzee kuliko wote, mama aliyebakiza miezi minne astaafu, ambaye wote walimwita Shangazi. Alikuwa amekumbatia foronya kiasi cha kutoona mbele vizuri. Alisikia magurudumu, akajibanza ukutani, na hilo ndilo lililomwokoa maisha. Mguu haukuwahi. Mfupa wa chini ya goti ulivunjika mahali pawili.

Asubuhi iliyofuata matroni mkuu wa hospitali alikuja mwenyewe chumba cha kufulia. Mashine zikazimwa, na watu wengi pale hawakuwahi kusikia chumba kile kikiwa kimya. Matroni alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, aliyezungumza taratibu kama anayehesabu matone ya dawa. Akauliza nani alijua kwamba kabari haipo.

Kipaza alikuwa anatazama viatu vyake. Bi Itakuwaje angeweza kunyamaza. Alikuwa na mazoezi ya mwezi mzima ya kunyamaza. Akainua mkono.

"Niliona Jumatatu," akasema.

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa najifunza kutoogopa, Matroni."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, alisema jambo katika chumba kile na hakuna aliyecheka. Matroni akavaa miwani, akaivua, akaondoka.

Mchana ule alikwenda wodini kumwona Shangazi. Alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi, lakini alipoona ule mguu ulioinuliwa kwa kamba, alikaa ukingoni mwa kitanda akalia. Shangazi alimwacha alie. Kisha akamwambia, "Unajua tulikuwa tunakucheka. Lakini tulikuwa tunacheka tukiwa salama. Mimi nikikusikia unauliza nilikuwa najua kuna mtu anaangalia, basi naendelea na pasi yangu. Ulivyonyamaza nilidhani hakuna kitu."

Maneno hayo yalimkaa kuliko ambavyo lawama ingemkaa.

Jumatatu akaitwa ofisini kwa Matroni. Alipotoka nyumbani alichukua mfuko mtupu, na kazini akatia ndani yake aproni yake ya pili na kikombe chake cha chai, maana alikuwa na hakika kwamba anafukuzwa, na hakutaka kurudi kuvichukua mbele ya watu. Matroni alipouona mfuko akauliza ni wa nini, akaelezwa. Alichukua daftari na kalamu, akamwambia, "Tembea na mimi. Kila unachokiona, kiseme."

Walianzia mlango wa chumba cha kufulia. Mwanzoni Bi Itakuwaje aliona haya, akataja moja moja kwa sauti ndogo: ile taa iliyokufa juu ya ngazi, ule mfereji usio na kifuniko, lile beseni lililowekwa chini ya rafu ya dawa kali za kufulia. Matroni anaandika. Kufika jikoni, aibu ilikuwa imekwisha. Kufika kwenye lango la gari la wagonjwa, alikuwa anatembea mbele na Matroni anamfuata nyuma akihema. Walitumia saa moja na nusu. Daftari lilikuwa na mambo thelathini na manne.

Waliporudi, Matroni alikaa, akajipepea kwa faili. "Miaka yote hii unayo haya kichwani?"

"Mengi niliyasema. Watu walicheka."

"Mimi nina wauguzi wenye ujasiri wa kujaza lori," Matroni akasema. "Wanakimbilia damu, wanakimbilia moto. Ninayemkosa ni mtu wa kuona kabla. Wewe umefundishwa kwamba hiyo ni kasoro. Si kasoro. Imekosa kazi ya kufanya tu."

Kisha akampa kazi. Jengo jipya la ghorofa mbili lilikuwa limekamilika ng'ambo ya ua, na baada ya wiki tano wodi ya wanaume ilitakiwa kuhamia kule, wagonjwa thelathini na mmoja, tisa kati yao wasioweza kuinuka, wawili wenye kuvuta hewa ya mtungi. Kila mtu alikuwa na mpango wa namna mambo yatakavyokwenda vizuri. Matroni alitaka mtu wa kukaa chini na kuwaza namna yatakavyokwenda vibaya.

Bi Itakuwaje alirudi nyumbani na mfuko wake, kikombe kikiwa ndani, akamsimulia mumewe mpaka chakula kikapoa. Seremala alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja: milango ya kule imepimwaje? Akamweleza kwamba watu hupima fremu kwa fremu na kuandika namba hiyo, wakasahau kwamba mlango ukifunguka, ubao wake nao unakula nafasi. Akainuka akamletea tepu yake ya kupimia, ile ya chuma ambayo haruhusu mtu kuigusa.

Siku ya pili alipima. Kitanda cha mgonjwa, pamoja na vyuma vyake vya pembeni, kilipita kwenye ramani na kilikwama kwenye mlango, kwa upana wa vidole viwili. Mhandisi wa jengo hakupenda kusikia hivyo kutoka kwa mfua mashuka. Alifungua ramani, akamwonyesha namba. Bi Itakuwaje hakubishana, kwa kuwa hakujua kubishana. Aliomba tu kitanda kimoja kiletwe kisukumwe. Kikaletwa, kikasukumwa, kikakwama, na mhandisi akakisukuma mwenyewe mara mbili zaidi kama vile kitamhurumia. Halafu akakunja ramani, akaita mafundi wa kubadilisha bawaba ili milango yote ifunguke mpaka ukutani. Tangu siku ile alikuwa akimpigia simu kabla ya kufunga kitu chochote.

Wakafanya mazoezi. Kipaza alijitolea kuwa mgonjwa. Alilazwa kitandani, akafunikwa shuka, akasukumwa kuvuka ua na kuingizwa kwenye lifti huku akilalamika kwa sauti ya kuamsha wodi zote kwamba wauguzi hawa hawana huruma na yeye ana familia. Walicheka mpaka machozi. Lakini katika zoezi hilo Bi Itakuwaje aliona kwamba gurudumu la mbele linazama kwenye mfereji wa uani, akaandika: mbao. Aliomba jenereta liwashwe kwa majaribio, likakataa kuwaka, ikabainika betri imekufa tangu haijulikani lini. Akaandika: betri. Aliuliza mtu mwenye mtungi akiwa ndani ya lifti umeme ukatike, itakuwaje, na safari hii muuguzi mkuu wa wodi alivuta kiti akaketi ili watafute jibu pamoja.

Siku yenyewe ilifika, Jumamosi, kulipokucha tu. Bi Itakuwaje alikuwa hana hamu hata ya chai. Wagonjwa kumi na wawili wa kwanza walivuka ua bila tatizo. Saa nne kasoro, mmoja wa wale wenye mtungi akiwa ndani ya lifti, umeme ukakatika. Watu pale nje walishika vinywa. Ndani ya lifti muuguzi aliwasha tochi iliyokuwa mfukoni mwake, akakagua mtungi wa akiba uliokuwa umefungwa kwenye mguu wa kitanda, akasubiri. Jenereta likanguruma. Lifti ikapanda. Zilikuwa sekunde arobaini, na mgonjwa hata hakuamka usingizini. Bi Itakuwaje alikuwa amesimama chini akizihesabu kwa midomo, na lifti ilipoondoka akaiandika hesabu hiyo kwenye daftari.

Kilichomshinda kilikuja baadaye, na hakikuwa kitu cha kupimwa kwa tepu. Mzee mmoja mwenye vyuma pajani alishika ukingo wa kitanda chake akasema haendi. Wauguzi walimbembeleza, daktari akamweleza, mzee akafumba macho. Bi Itakuwaje alipekua daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa amewaza moto, maji, bawaba na betri. Hakuwaza kwamba mtu anaweza kukataa tu. Akasimama pale na daftari lake, foleni inarefuka nyuma yake.

Ndipo Kipaza akaja. Alikaa kando ya kitanda bila kuombwa, akamwambia mzee kwamba hata yeye alilazwa kwenye kitanda hicho hicho wiki iliyopita na hakupewa hata dawa. Mzee akafumbua jicho moja. Wakazungumza kama watu waliokutana kwa kinyozi. Baada ya dakika kumi ikajulikana: kwa miezi miwili mzee alikuwa analala jirani na fundi viatu mmoja, wanazungumza kutwa, na kwenye orodha mpya wamewekwa vyumba tofauti. Hakuna aliyewauliza. Majina mawili yakabadilishwa, na mzee akasukumwa kuvuka ua akiwa ameshika mkono wa Kipaza. Bi Itakuwaje alimtazama kijana yule akienda, na uchungu wa ule usimamizi, ambao alidhani umekwisha zamani, ndipo ulipomtoka kweli. Aliona kwa nini walimchagua.

Wiki tatu baadaye Matroni alimwita tena. Kulikuwa na nafasi mpya, ya kupanga tahadhari na kusimamia usalama wa hospitali nzima, na afisa utumishi mwenyewe ndiye aliyeandika jina lake juu ya fomu. Bi Itakuwaje aliisoma fomu mara mbili, mbele na nyuma, kisha akasema kwamba yeye hajui kuhutubia watu, na akisimama mbele yao sauti inakauka. Matroni akamwambia hakuna aliyemwomba hotuba. Aje na daftari. Akatia saini. Shangazi, aliyekuwa amestaafu mapema kwa sababu ya mguu na sasa anatembea kwa fimbo, alimletea kiti chenye mto alioushona mwenyewe, akasema kazi ya kuwaza inahitaji makalio yaliyotulia.

Hakugeuka mtu mwingine. Bado kuna siku anawaudhi watu, na bado hukosea. Lakini amejifunza kupambanua swali ambalo ni mtetemo wake mwenyewe, ambalo hulimeza na chai, na swali ambalo lina kabari ndani yake, ambalo hulisema hata kama waziri yuko mlangoni. Na tangu yule mzee, ameongeza ukurasa mwingine kwenye daftari.

Wodi ya wazazi ilipokaribia kuhama, alimwomba Kipaza waende pamoja. Walipita kitanda kwa kitanda, Kipaza akifungua mazungumzo na yeye akiandika, wakimuuliza kila mama ni kitu gani hapa hangependa kukiacha. Wengi walicheka na kusema hawana. Mama mmoja alikuwa na wiki ya tatu pale, na mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja. Alifikiri sana, akaona haya, halafu akaonyesha ukutani. Alitaka saa ile ihamie naye. Kila baada ya saa mbili alikuwa akimnyonyesha mtoto kwa kuitazama, na tangu mtoto azaliwe hajaangalia kitu kingine.

Bi Itakuwaje aliitazama saa. Ilikuwa ya plastiki, na imepinda kidogo upande wa kushoto. Akaandika: saa ya ukutani, chumba cha tatu. Kisha akampa Kipaza daftari, akaenda kutafuta ngazi, na alipoipata, kabla hajaiegemeza popote, aliinamisha mgongo akakagua vipandio.